Jengo la zamani, kanuni mpya: jinsi ya kukagua upya mfumo wa moshi

Mwongozo huu ni wa mhandisi aliyekabidhiwa jengo ambalo tayari watu wanalitumia, kisha akaulizwa kama mfumo wake wa kudhibiti moshi bado unatosha. Swali hilo huja kwa njia nyingi. Mwenye jengo anataka kuongeza ghorofa mbili. Ofisi zinageuzwa hosteli ya wanafunzi. Kamati ya majengo inataka hesabu kabla ya kutoa kibali cha kukaliwa. Au toleo jipya la kanuni limetoka, na namba zilizoandikwa kwenye michoro yako hazimo tena.

Nitatumia majengo mawili ya aina ninayokutana nayo kila wiki hapa Kampala: akedi ya maduka yenye uwazi katikati uliofunikwa kwa bati la kupitisha mwanga, na jengo la ofisi la ghorofa kumi. Hesabu zote unaweza kuzifanya kwa kikokotoo cha simu. Nimeziacha zionekane makusudi, kwa sababu nimechoka kuona ripoti za kurasa sitini zenye picha za rangi kutoka kwenye kompyuta, ambazo mwandishi wake akiulizwa namba moja imetoka wapi, anakosa jibu.

Kama bado kuna anayeuliza kwa nini tuhangaike na moshi wakati zimamoto wapo, mkumbushe hoteli ya MGM Grand ya Las Vegas, Novemba 21, 1980. Moto uliwaka chini, upande wa kasino. Watu 85 walikufa, na wengi wao walikuwa ghorofa za juu, mbali kabisa na miali. Moshi uliwafuata kwa ngazi, kwa mashimo ya lifti na kwa nyufa za jengo.

Hatua ya 1: Jua jengo linahukumiwa kwa kanuni ipi, na kwa nini namba iko hivyo

Uganda ilikaa miaka mingi na kanuni za ujenzi zilizokuwa chini ya Sheria ya Afya ya Umma. Kisha ikaja Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013, iliyounda Bodi ya Kitaifa ya Kukagua Majengo na kamati za majengo katika wilaya na miji, na baadaye kanuni zake za 2020. Kwa hiyo jambo la kwanza ni tarehe: michoro ilipitishwa lini, chini ya sheria ipi, na kwa matumizi gani? Jengo likibadilishiwa matumizi, usitegemee kibali cha zamani kikulinde.

Kwa hesabu za moshi zenyewe, wengi wetu tunatumia viwango vya nje: NFPA 92 ya Marekani, au familia ya EN 12101 ya Ulaya. Chukua karatasi, chora safu tatu. Ya kwanza, namba iliyotumika michoro ilipopitishwa. Ya pili, namba ya toleo la leo. Ya tatu, sababu ya namba hiyo kuwepo. Safu ya tatu itakula muda wako, na ndiyo itakayokuokoa.

Chukua presha ya hewa kwenye ngazi, ile inayosukumwa na feni ili moshi usiingie, na kupimwa kwa paskali. EN 12101-6 ya 2005 ilitaka paskali 50 kati ya ngazi na ghorofa. Mwaka 2022 sehemu ya usanifu ilihamishiwa EN 12101-13, na kiwango cha chini kikawa paskali 30. Mwenye jengo akisikia hivyo anafurahi, anadhani amepunguziwa mzigo. Lakini toleo hilohilo limepandisha kasi ya hewa inayotakiwa kupita kwenye mlango uliofunguliwa: daraja la kawaida lilikuwa na mita 0.75 kwa sekunde, sasa ni mita 1. Utaona katika hatua ya 6 kwamba kasi hiyo ndiyo inayoamua ukubwa wa feni. Kanuni iliyoonekana kulegea imekaza.

Wamarekani nao, katika NFPA 92, wanaridhika na paskali 12.5 pale jengo lina vinyunyizio vya maji, na 25 pale havipo na dari iko karibu mita 2.7. Kwa nini tofauti hiyo? Moshi wa moto usiozuiwa, kwenye joto la zaidi ya nyuzi 900, husukuma juu kwa nguvu ya paskali 16 hivi kwenye dari ya kimo hicho, kisha wakaongeza 7.5 za tahadhari. Vinyunyizio vikifanya kazi, moshi unapoa na msukumo unapungua. Sasa panda juu ya paa ulitazame tangi. Nimepanda mapaa ambako tangi la vinyunyizio lilikuwa kavu na vumbi limetanda ndani, huku michoro ikidai 12.5 kwa sababu "jengo lina vinyunyizio". Hapo tumia 25, na uandike kwenye ripoti kwa nini.

Jambo moja nalishikilia bila msamaha: chagua familia moja ya kanuni, ukae nayo. Usichukue presha ndogo ya Wamarekani, nguvu ya kufungua mlango ya Wazungu wa Ulaya, na idadi ya milango kutoka mahali pa tatu. Kila kitabu kimepimwa kwa ujumla wake.

Hatua ya 2: Tembea na udi mkononi

Kabla ya kufungua kompyuta, nunua pakiti ya udi sokoni. Washa kijiti kimoja, kishike sentimita kumi kutoka kwenye ukingo wa mlango wa ngazi, utulie. Uzi wa moshi ukilala kuelekea ndani ya ngazi, ngazi inavuta. Ukipinda kuelekea kwako, ngazi inasukuma. Panda ghorofa moja baada ya nyingine, rudia, andika. Katika saa moja utakuwa umejua njia za hewa za jengo kuliko aliyelichora.

Fungua milango ya kabati za mabomba na nyaya. Kila waya wa intaneti ulioongezwa baada ya ujenzi umepitia tundu, na tundu hilo mara nyingi halikuzibwa. Nimewahi kuweka ngumi yangu yote kwenye tundu la sakafu ambalo ndani yake palipita waya mmoja mwembamba kama penseli. Pima matundu hayo kwa rula na uyajumlishe. Pima pia pengo chini ya kila mlango. Pengo la milimita 10 kwenye mlango wa sentimita 90 ni mita za mraba 0.009, karibu sawa na uvujaji ambao vitabu vinaruhusu kwa mlango mzima.

Kwenye akedi, angalia mambo ambayo hayapo kwenye mchoro wowote: marobota ya mitumba yaliyopangwa kwenye kona ya ngazi, vibanda vilivyobanwa chini ya uwazi wa katikati, mageti ya chuma yenye kufuli. Zungumza na walinzi. Muulize askari wa zamu ya usiku anafunga geti lipi, saa ngapi, na ufunguo unakaa kwa nani.

Hatua ya 3: Amua kama unahitaji feni kabisa

Moshi unaweza kuuzuia kwa ukuta na mlango, kuusukuma nyuma kwa hewa, au kuuvuta nje. Anza na ukuta. Hauhitaji umeme.

Oktoba 2022, moto wa usiku uliwaua watu 11 katika shule ya wasioona ya Salama, Mukono. Bweni kama hilo halihitaji hesabu za kurasa nyingi. Linahitaji milango miwili inayofungukia nje, madirisha yasiyozibwa kwa fito, vitambua moshi vyenye kengele, na mtu mzima aliye macho. Mwenye shule akikuomba mfumo wa feni, mwambie kwa heshima kwamba pesa hizo zina kazi nyingine, na uende naye mlangoni umwonyeshe.

Ukibaki na ngazi ndefu au uwazi mkubwa wa katikati, endelea.

Hatua ya 4: Moto wa ukubwa gani?

Hapa ndipo kanuni zimehama zaidi. Kuna wakati kanuni za Marekani ziliweka namba ya chini kwa kila uwazi mkubwa, takriban kilowati 5,300, isipokuwa mhandisi alete hoja yake. Baadaye namba hiyo ikaondolewa na mzigo wa hoja ukabaki kwako. Ni uhuru wenye uzito: huwezi tena kujificha nyuma ya kitabu.

Kwa mfano wetu nitachukua kilowati 2,000, yaani kibanda cha nguo kinachowaka chini ya uwazi. Namba hii inasimama tu kama vibanda vimetengana vya kutosha moto usiruke. Kama vimegusana kwa mstari, zidisha. Andika sharti hilo kwa maneno makubwa kwenye ripoti, kwa sababu siku mwenye jengo atakapokodisha nafasi iliyobaki kati ya vibanda viwili, hesabu yako yote itakuwa imekufa.

Hatua ya 5: Uwazi wa katikati, na hewa ya Kampala

Akedi yetu ina sakafu nne: chini, kisha mita 3.5, 7 na 10.5. Paa liko mita 15. Watu wapo hadi sakafu ya juu, na kanuni ya majengo ya Marekani (IBC) inataka tabaka la moshi lisishuke chini ya mita 1.83 juu ya sakafu wanayotembea. Kwa hiyo chini ya tabaka lazima ibaki hewa safi hadi mita 12.3.

Asilimia 70 ya joto hupanda na nguzo ya moshi, yaani kilowati 1,400. Uzito wa moshi unaofika juu ni:

0.071 × 1,400^(1/3) × 12.3^(5/3) + 0.0018 × 1,400 = takriban kilo 54.6 kwa sekunde

Tazama hapo kimo kinavyotawala. Moto ukiongezeka mara mbili, uzito unaongezeka kwa robo hivi. Kimo kikiongezeka mara mbili, uzito unazidi mara tatu. Moshi mwingi unaouona ni hewa safi iliyoburutwa njiani na kuchafuliwa.

Gawanya joto kwa uzito: 1,400 ÷ 54.6 ni nyuzi 26 juu ya hewa ya kawaida. Kama mchana ni nyuzi 25, moshi chini ya paa una nyuzi 51 tu. Hauchomi, ila unaua.

Sasa geuza kilo kuwa mita za ujazo, na hapa wengi wanakosea. Kitabu kilichoandikwa kwa miji ya pwani kinakupa kilo 1.09 kwa kila mita ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 51, na jibu linakuwa mita za ujazo 50 kwa sekunde. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi kwa asilimia 13 hivi, kilo 0.94 kwa joto hilo. Jibu linakuwa 58. Feni zilizochaguliwa kwa orodha ya pwani zina upungufu wa mita za ujazo 8 kila sekunde.

Kuna mwenzangu makini atakayesema kwamba hata ile 0.071 imetokana na hewa nzito ya pwani, na hewa nyepesi huburutwa kwa uzito mdogo zaidi. Ana haki. Ukirekebisha hapo pia, kilo zinashuka hadi karibu 50 na ujazo unakuwa 53. Mimi huandika zote mbili na kununua kwa 58, maana tofauti hiyo itamezwa na njia za hewa zinazovuja na mikanda ya feni iliyolegea.

Kabla ya kuagiza feni, jaribu kuhamisha ukuta. Funga sakafu ya juu upande wa uwazi kwa kioo kinachostahimili moto, watu wake watokee kwa ngazi ya nyuma. Sasa hewa safi inahitajika hadi mita 8.8 tu. Rudia hesabu ileile: kilo 32 kwa sekunde, mita za ujazo 36. Ukuta mmoja wa kioo umeondoa mita za ujazo 22 za feni, pamoja na nyaya na jenereta yake, na hautahitaji dizeli. Mpelekee mzee mwenye jengo namba hizo mbili zikiwa bega kwa bega. Ataelewa haraka kuliko ukimsomea kifungu cha kanuni.

"Si paa liko wazi pembeni, moshi utatoka wenyewe?" Swali zuri, na linastahili hesabu. Kwa tabaka la mita 2.7 lenye nyuzi 26 za ziada, moshi una msukumo dhaifu. Unahitaji uwazi wa karibu mita za mraba 45 juu, kabla hata ya kuhesabu hewa inayoingia chini. Ule ukanda wa sentimita 40 uliobaki kati ya ukuta na bati, ukiuzungusha mita 60 zote, unatoa 24. Na upepo wa mvua ukivuma kutoka upande mmoja, nusu yake inakuwa njia ya kuingia.

Ukichagua feni, gawa kazi kwa feni kadhaa ndogo zilizotawanyika chini ya paa. Feni moja kubwa itatoboa tabaka na kuvuta hewa safi ya chini, huku moshi umebaki pembeni ukishuka.

Na hewa inayotoka lazima ilipwe. Moshi wa kilo 54.6 ni sawa na mita za ujazo 53 za hewa ya kawaida kuingia kila sekunde. NFPA 92 inataka hewa hiyo isizidi mita 1 hivi kwa sekunde inapoigusa nguzo ya moshi, isije ikaivuruga. Maana yake ni mita za mraba 53 za milango iliyo wazi chini, au karibu hivyo. Rudi kwenye mazungumzo yako na askari wa usiku. Geti la fito linapitisha hewa. Shata la bati halipitishi. Kama milango ya kuingiza hewa ni mashata yanayofungwa saa mbili usiku, basi baada ya saa mbili usiku huna mfumo.

Hatua ya 6: Ngazi ya jengo la ghorofa kumi

Kwanza habari njema kuhusu mahali petu. Katika nchi za baridi, hewa ya moto ndani ya jengo hupanda kwa nguvu kama kwenye bomba la moshi. Jengo la mita 60, ndani nyuzi 21 na nje 10 chini ya sifuri, lina paskali 42 za msukumo huo kwenye ncha zake. Kampala, usiku wa nyuzi 17 nje na 24 ndani, ni paskali 7. Mifumo mingi ya bei ghali iliyobuniwa kupambana na baridi hatuihitaji. Akija muuzaji na mfumo wa kusukuma hewa kila ghorofa ya tatu, muombe hesabu ya Kampala.

Habari ngumu ni milango. Chukua milango kumi inayofungukia ndani ya ngazi, kila mmoja unavuja kwa mita za mraba 0.01, na mlango wa chini wa kutokea, 0.02. Jumla 0.12. Kanuni ya uvujaji ni eneo mara kipeuo cha pili cha presha mara 0.83, kwa hewa nyepesi ya Kampala tumia 0.90. Kwa paskali 50:

0.90 × 0.12 × 7.07 = 0.76, ongeza nusu yake kwa yasiyojulikana = mita za ujazo 1.15 kwa sekunde

Kwa paskali 30 za kanuni mpya ni 0.89. Umeokoa 0.26. Sasa fungua mlango mmoja wa upana wa mita 0.9 na kimo cha 2.1. Kwa kasi ya 0.75 unahitaji 1.42. Kwa kasi ya mita 1, ni 1.89. Akiba yako imekwisha na deni limebaki. Kisha fungua mlango wa chini, ambao watu wote wanautokea, na utake angalau paskali 10 zibaki ngazini: 0.90 × 1.89 × 3.16 ni mita za ujazo 5.4. Mlango wa chini peke yake unashinda yote mengine. Ndiyo maana baraza dogo lenye mlango wa pili pale chini lina thamani kuliko feni ya akiba.

Feni inayotosha milango wazi itakuwa na nguvu kupita kiasi milango ikifungwa. Kwa hiyo angalia nguvu ya mtu. Kwenye mlango huo, kitasa kikiwa sentimita 7.5 kutoka ukingoni, paskali 50 huongeza nyutoni 51.5, kifunga mlango kina kama 40. Jumla 91.5, chini ya mpaka wa Ulaya wa nyutoni 100. Presha ikifika 80, jumla ni 122. Mwanamume mwenye nguvu atafungua. Mama aliyembeba mtoto mgongoni na mwingine mkononi anaweza kushindwa, na kwake mlango huo umekuwa ukuta. Weka dampa ya kupunguza presha juu ya ngazi, yaani kidirisha kinachofunguka chenyewe presha ikizidi, au feni inayobadili mwendo, na uithibitishe kwa kupima.

Hewa inayopita mlangoni inahitaji pa kutokea kwenye ghorofa inayoungua. Ofisi za siku hizi zimezibwa kwa vioo visivyofunguka. Kama hakuna dirisha wala njia ya kutolea hewa, presha ya ghorofa itapanda hadi ilingane na ya ngazi, kasi mlangoni itakuwa sifuri, na moshi utaingia. Hili halimo kwenye ripoti nyingi nilizosoma.

Hatua ya 7: Umeme na paneli

Feni iliyopimwa kiwandani kwa paskali 400 kwenye hewa ya pwani itatoa karibu 345 hapa kwa mwendo uleule. Injini za umeme za kawaida hupimwa hadi mita 1,000 juu ya bahari. Sisi tumevuka, na Kabale imevuka zaidi. Muombe muuzaji karatasi ya feni kwa kimo chako, kwa maandishi. Jenereta nayo hupungukiwa nguvu, na injini ikiwashwa moja kwa moja huvuta mara 5 hadi 7 ya mkondo wake wa kawaida. Washa feni kwa zamu.

Paneli ya zimamoto, yaani ubao wa swichi za kuendeshea feni, iwe karibu na mlango mkuu. Zimamoto wetu wako chini ya Polisi ya Uganda, na Kiswahili ni lugha ya kazi kwao. Andika vibao kwa Kiswahili pamoja na Kiingereza: NGAZI YA MASHARIKI, SUKUMA HEWA, ZIMA. Afande anayefika saa nane usiku katikati ya moshi asilazimike kufumbua vifupisho vya aliyechora michoro.

Hatua ya 8: Pima jengo linavyotumika

Niliwahi kualikwa kushuhudia majaribio ya ngazi. Kipimo kilisoma paskali 52 ghorofa ya tano, watu wakapeana mikono. Niliomba tuufungue mlango wa ghorofa ya tatu na ule wa chini. Kipimo kikashuka hadi 4. Hakuna aliyekuwa amedanganya. Kila mtu alikuwa amesoma kifungu cha milango iliyofungwa. Lakini mlango wa chini wa jengo lile ulizuiliwa kwa jiwe kila siku ya kazi, na jiwe lilikuwa palepale tulipoingia.

Basi pima hivi. Milango yote imefungwa: presha kila ghorofa, na nguvu ya kila mlango. Mizani ya ndoano ya wauza samaki inatosha kwa ukaguzi wa awali. Nyutoni 100 ni kilo 10 na kidogo. Kwa kipimo rasmi tumia chombo kilichothibitishwa. Kisha fungua milango ile ya hesabu yako, pima kasi ya hewa mahali pasipopungua tisa kwenye uwazi wa mlango, toa wastani. Kisha zima umeme wa jengo kwenye swichi kuu, hesabu sekunde hadi feni izunguke tena, na upime upya.

Usikubali bomu la moshi baridi liwe ushahidi kwamba feni za uwazi wa katikati zinatosha. Moshi ule hauna joto, haupandi kama moshi wa moto, na unaweza kukupa furaha au hofu isiyo na msingi. Unafaa kuonyesha hewa inakoelekea, kama udi wako wa hatua ya 2.

Hatua ya 9: Faili litakalosomwa na atakayekufuata

NFPA 92 inataka mfumo uliowekwa kwa kazi ya moshi pekee ujaribiwe angalau kila miezi sita, na ule unaotumia mashine za hewa za kila siku, kila mwaka. Andika majina ya vyeo vya wanaofanya jaribio, wala usiandike "uongozi wa jengo".

Weka kwenye faili ile karatasi ya safu tatu, vipimo vyako vya udi na rula, hesabu zote zikionyesha uzito wa hewa uliotumia, na ukurasa mmoja wenye masharti: vibanda vitengane kiasi gani, mageti gani yabaki ya fito, mlango upi usizuiliwe, tangi liwe na maji kiasi gani. Nakala ya ukurasa huo ibandikwe ndani ya mlango wa paneli, kwa Kiswahili, kwa herufi ambazo askari wa usiku anaweza kuzisoma kwa tochi ya simu.